Sufuria Yenye Msalaba

Mafuta ya nguruwe. Maneno hayo yalimganda Akberet tangu asubuhi.

Aliyapata kwa Mihret, jirani yake wa ghorofa ya chini, walipokuwa wakianika nguo juu ya paa.

"Na wewe unampeleka mtoto pale ukumbini, kwenye sikukuu yao ya Hanuka na Krismasi?" Mihret aliuliza, kibanio cha nguo mdomoni. "Haya, mpeleke. Wangu haendi. Yule bibi mpishi wa Kiyahudi kawatengea watoto wetu sufuria yao. Anawakaangia maandazi kwa mafuta ya nguruwe."

"Nani kaona?"

"Watu wanasema. Kwa hawa Wayahudi, Mkristo ni Mkristo, shoga yangu. Wamewaona Wafilipino wanakula nguruwe, basi na sisi wametutia kapu hilo hilo."

Akberet alitema mate pembeni. Kwao Eritrea nguruwe hatajwi karibu na chakula. Tena huu ulikuwa mwezi wa mfungo. Krismasi ya wengine ilikuwa leo, ila yao ilikuwa bado, mpaka Januari, na hadi siku hiyo walikuwa wanafunga vyakula vyote vitokanavyo na wanyama.

Mfungo huu ulikuwa wa kwanza kwa binti yake, Rahwa. Mwaka jana, mtoto akiwa hoi hospitalini, Akberet alimwekea Mungu nadhiri: akipona, mtoto mwenyewe atafunga mfungo mzima bila kuuvunja. Akapona. Binadamu ukimkosea utamwomba radhi. Nadhiri utaichezea vipi?

Ndiyo maana kila asubuhi alimshika Rahwa mkono, akamkunja vidole kimoja kimoja kuanzia gumba, akimtajia mambo ya kuepuka: manne ya mdomoni na moja la moyoni, mpaka ngumi ikafunga. Rahwa alirudia kama wimbo.

Leo, ngumi ilipofunga, mtoto alicheka.

"Mama, leo na mimi nitakula maandazi. Bibi Bronia wa jikoni kasema."

"Utakulaje? Yale yana maziwa, yana mayai."

"Ni siri yangu na bibi."

Mwanzoni Akberet alidhani ni utoto. Baada ya maneno ya Mihret, hakudhani hivyo tena.

Alitangulia kwenda ukumbini kabla sherehe haijaanza. Mbele palikuwa na kinara cha mishumaa ya Hanuka, kando yake mti wa Krismasi uliofungwa karatasi za pipi, na watoto wa Kifilipino wakigombania nani abebe nyota. Hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi jikoni. Hapakuwa na mtu.

Jiko la Wayahudi alilijua vizuri, kwa kuwa tangu ahamie nchi yao alikuwa akifanya usafi majumbani mwao. Vyombo vya nyama mbali, vya maziwa mbali, wala havigusani. Chombo kinachotengwa peke yake na kuwekewa alama ni kile kilichoingiwa na najisi, ambacho wenyewe hawatakigusa tena.

Sufuria kubwa ya maandazi ilikuwa mezani. Na kule pembeni, peke yake, palikuwa na sufuria ndogo. Juu ya mfuniko mtu alibandika utepe mwekundu, umekaa msalaba. Bakuli la unga uliokandwa lililokuwa ubavuni mwake nalo lilikuwa na msalaba.

Akafunua.

Mafuta yalikuwa meupe, yameganda kwa baridi ya Desemba, manene, yanang'aa kama tumbo la samaki aliyekufa. Akayagusa kwa ncha ya kidole, yakamng'ang'ania. Harufu yake ilikuwa tamu, nzito, ya kichefuchefu. Hakuwahi kuinusa maishani mwake, na kwa sababu hiyo hiyo akaijua: ndiye, nguruwe huyo.

Akakwangua mafuta yote kwa mwiko, akayatupa kwenye pipa la taka. Ule unga akautemea mate, kisha nao akaubwaga humo humo. Akajifuta kidole kwenye sketi, akafuta tena, ule utelezi haukutoka.

Bibi Bronia aliingia akijikokota, mikono imejaa unga.

"Mama Rahwa, umewahi," alisema. Kisha akaliona pipa.

"Sufuria hii ya nani?" Akberet aliuliza.

"Ya watoto wenu. Wengine hawaigusi."

"Na mafuta umeyatia wewe?"

"Mimi mwenyewe. Nimezunguka soko zima kuyatafuta."

"Huna hata haya." Sauti ya Akberet ilikuwa ya chini. "Mvi zote hizo kichwani, na unamlisha uchafu mtoto wa mwenzio. Umeona sisi tunaokoteza riziki, ndiyo unaona tutakula lolote?"

Mzee alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Nje watoto walianza kuimba, mishumaa inawashwa, na harufu ya maandazi ya ile sufuria kubwa ilikuwa imeshatanda ukumbini.

Mlango ukafunguliwa. Rahwa aliingia na sahani tupu, na nyuma yake watoto wengine wa Kieritrea, kila mmoja na sahani yake.

"Bibi," alisema, "mafuta yetu ya nazi yameshayeyuka?"

Bibi Bronia alimtazama Akberet, akainua mkono wake wenye unga.

"Mwanao ndiye aliyenifundisha," alisema. "Tumerudia wiki nzima, nisije nikakosea."

Akavikunja vidole kimoja kimoja, kuanzia gumba.

Nyama.

Maziwa.

Mayai.

Siagi.

Kumdhania mtu ubaya.