Ukurasa wa Thelathini na Moja

Watoto wawili walikuwa wakivutana kitabu cha konokono. Mmoja kashika jalada la mbele, mwenzake la nyuma, na kuachia hakuna.

Mkutubi wa chumba cha watoto alisimama mlangoni asiamini macho yake. Kitabu hicho alikuwa amekibembeleza miaka miwili kasoro wiki. Alikiweka dirishani, hakuna aliyekigusa. Alikisoma kwa sauti saa ya hadithi, watoto wakapiga miayo mpaka na yeye ikamwambukiza. Leo kinagombewa kama mpira!

"Anti, mimi ndiye nimekiona kwanza!"

"Muongo huyo! Kanipiga kiwiko!"

Akakitwaa, akakifungua. Ndani ya jalada, kwa penseli nyekundu, kulikuwa na herufi kubwa zilizonyooka kama askari kwenye gwaride: UKURASA WA 31 NI MARUFUKU KWA WATOTO. USISEME HUKUONYWA.

Mbio mbio akaufungua ukurasa wa 31. Konokono anavuka jani. Basi.

"Mbona hakuna kitu hapa?"

"Ndiyo hivyo, Anti," mmoja akamjibu, kwa sauti ya kumhurumia. "Siri yenyewe huioni mpaka uanze ukurasa wa kwanza."

Kufikia Jumatano vilikuwa vitabu kumi na saba. Aina za Mawe. Historia ya Kifungo cha Shati. Jinsi Daraja Linavyojengwa. Vyote vya kula vumbi, vyote vina onyo, na vyote vimeazimwa. Mkutubi aligonga muhuri wa tarehe mpaka kidau cha wino kikakauka.

Na ilikuwa afadhali, maana sheria ya maktaba haikuwa na utani. Kitabu kisichogongwa muhuri miaka miwili hutolewa rafuni, kikapelekwa kiwandani kusagwa. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mkuu wa maktaba, ambaye watoto walimwita Mzee Rula, kwa kuwa aliipima mistari ya vitabu kwa rula na chai yake kwa saa. Orodha ya vitabu vya kusagwa mwezi huo alikuwa ameiandika mwenyewe, nakala moja, kabla onyo la kwanza halijaonekana. Akamwonyesha mkutubi, mkutubi akalia kama mwaka jana, na karatasi, yenye vitabu hivyo hivyo kumi na saba, ikafungiwa kwenye droo.

Alhamisi ikaja barua kutoka makao makuu. Mzazi mmoja alikuwa amelalamika. Anayechafua vitabu apatikane kabla ya Ijumaa jioni. Akiwa mtoto, anyang'anywe kadi, asikanyage tena maktaba. Akiwa mfanyakazi, ahamishiwe ghala la magazeti, chini ya ardhi.

Mzee Rula aliisoma, akaifuta miwani yake, akaisoma tena.

"Mtafute," akasema. "Ila taratibu. Haraka haraka haina baraka."

Mkutubi akamshangaa. Huyu mzee aliwahi kuigombeza saa ya ukutani kwa kuchelewa dakika mbili.

"Basi ngoja nianze kuyafuta maandishi, Mzee."

"Usiguse! Ule ni ushahidi."

Ijumaa mchana watoto walikuwa wameshahukumu bila hakimu. Vidole vyote vilimwelekea Mchwa, binti wa miaka kumi aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotafuna vitabu. Kila siku, tangu shule ifungwe mpaka mama yake atoke kazini, Mchwa alikuwa meza ya dirishani. Pengine pa kwenda hakuwa napo. Na nyuma ya sikio lake, kweupe kabisa, ilikaa penseli nyekundu.

Mkutubi na Mzee Rula wakamwita ofisini.

"Si mimi, Anti. Hii nachorea tu." Mdomo haukukubali kushindwa. "Halafu niviandikie ili iweje? Vile vitabu mimi nimevimaliza vyote, palepale mezani, hata kabla havijawa marufuku."

Mkutubi nusura acheke, nusura alie. Kusoma mezani hakugongewi muhuri.

Mzee Rula alisimama na barua mkononi, jasho likimtiririka kana kwamba mshtakiwa ni yeye.

"Mtoto huyu..." akaanza, akakohoa. "Sheria inasema..." Akakohoa tena.

Mchwa hakungoja. Alitoa kadi yake mfukoni, akaifuta vizuri kwa pindo la sketi, akaiweka mezani. Namna alivyoifuta ndiyo iliyommaliza mkutubi.

"Ni mimi, Mzee," mkutubi akasema. "Vyote kumi na saba nimeviandika mimi. Mwache mtoto."

"Anti! Wewe?" Mchwa akamtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa hata siku moja.

"Chukua kadi yako ukasome," Mzee Rula akamwambia. Mchwa akatoka upesi kabla watu wazima hawajabadili mawazo. Mzee akaurudishia mlango, akakaa, akainyoosha barua juu ya meza.

"Ghala la magazeti lina panya, binti. Unajua?"

"Najua."

"Taa moja tu, nayo inapepesa."

"Nitazoea, Mzee."

"Na unashikilia kwamba umeandika wewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

Mzee Rula akavua miwani, akaifuta, akamtazama.

"Muongo mkubwa wewe," akasema. "Herufi zile nimezipiga rula moja moja, siku nne, mpaka kidole kikaota sugu."