Amekutwa Akipepeta Mchele

Bi Tunu wa Itetemia alikutwa akipepeta mchele, mcheshi, presha yake 128 kwa 82. Adinani, mhudumu wa afya wa kupita nyumba kwa nyumba, aliyaandika hayo kwenye kishikwambi cha zahanati akiwa amekaa kijiweni, mjini Tabora, kikombe cha kahawa mkononi. Bi Tunu mwenyewe hakuwa amemtia machoni tangu Ramadhani.

Kupika takwimu nako kuna mapishi yake. Mpishi mjinga huweka 120 kwa 80 kila nyumba, wakubwa wakamnusa mara moja. Adinani aliepuka namba zilizonyooka, na kila mgonjwa alimwekea jambo dogo la nyumbani, maana mkubwa akisoma habari za ungo na mchele huamini. Alama ya kijani ikawaka, taarifa imepokelewa. Akaagiza kashata.

Lakini kabla hajaionja akaangalia simu. Siku ya tatu sasa, simu ya mama yake, Bi Kuluthumu wa Bukene, ilikuwa haipatikani. Hata baada ya kiharusi kumlemaza mkono wa kulia, mama huyo hakuacha kumpigia kila alfajiri, simu kaishika kwa mkono wa kushoto. Adinani aliogopa. Akampigia Vedasto, mhudumu mwenzake wa huko, ambaye kwenye semina walikaa benchi moja wakinong'ona na kucheka.

"Mama mzima, kaka," Vedasto alisema. "Nampitia kila asubuhi. Simu itakuwa imeisha chaji tu."

Moyo ukatulia. Ukiwa na mtu wako kule, safari ya Bukene ya nini?

Hapo ndipo Asnath, msimamizi kutoka mkoani, alipovuta kigoda akaketi mbele yake bila hata salamu.

"Bi Tunu anaendeleaje?"

"Hajambo. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Amezikwa juzi, Adinani. Presha ilimpanda wiki nzima, na kwenye mfumo wetu alikuwa mzima."

Adinani alijua kibarua kimeota nyasi. Aliinamisha kichwa, na aibu ilimchoma kweli, akimfikiria yule bibi peke yake na maumivu ya kichwa asiyojua ni ya nini. Kisha akamfikiria mama yake. Atamwambia nini, yeye anayemsifu mwanawe kwa majirani kwamba anaponya watu?

Asnath hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Nimetafuta kama kuna mwingine anayeandika hivi," alisema. "Mkoa mzima nimempata mmoja tu. Ulimfundisha wewe?"

Akamgeuzia kishikwambi chake. Ilikuwa taarifa ya asubuhi ile, kutoka Bukene.

Bi Kuluthumu. 128 kwa 82. Amekutwa akipepeta mchele, mcheshi.