Ini la Meneja

Meneja hakuwa amekula kwa siku tisa, na sasa hata masikio yalikuwa ya njano.

"Fizi nazo njano," alisema Joshua, daktari wa mifugo pale Naliendele, akimpindua paka yule mnene juu ya meza iliyozoea mbuzi. "Alianza lini kususa?"

"Siku alipoondoka yule mtu," Salma akajibu.

Yule mtu ni Idrisa. Alimkatia Meneja kipande kinono cha samaki changu, Salma akamwambia, "Si umuoe huyo paka wako!" Idrisa akapandwa na hasira, akatoa talaka moja, akafunga begi. Nyumba ni ya Salma, kwa hiyo aliyehama ni Idrisa, akaenda kwa kaka yake, nyumba ya tano kutoka hapo.

Majibu ya damu yalipotoka, Joshua hakuzunguka.

"Paka mnene akisusa, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini. Dawa ni chakula: kidogo kidogo, kwa bomba la sindano, mara nne kwa siku. Asipokula, wiki hii utamzika."

Salma alijaribu. Akaparuliwa mikono yote miwili.

"Nani alizoea kumlisha?" Joshua akauliza.

Salma akabinua midomo. "Mpigie wewe. Mimi na yeye hatuongei."

Ikawa hivyo. Mara nne kwa siku Idrisa anabisha hodi, anakaa kwenye kigoda uani, anampakata Meneja na kumnywesha supu nzito ya samaki. Paka anameza kama mtoto.

"Fanya haraka, nataka kufagia," Salma anamwambia.

"Mgonjwa haharakishwi, mama."

"Mama yako yuko kwenu."

Wiki ya sita Joshua alifika na pikipiki, akamkuta Salma peke yake. Meneja alikuwa juu ya ungo, anaiba dagaa. Masikio safi, fizi za waridi.

"Huyu mzima kabisa," alisema Joshua, akitoa simu. "Ngoja nimwambie Idrisa asijisumbue tena."

Salma akaidaka ile simu. Akachungulia barabarani, kisha akashusha sauti.

"Daktari, eda yangu imebaki wiki nne, na huyu bwana hajafungua mdomo anirejee. Nakuomba, paka bado anaumwa."

Joshua akaafiki, akiuma mdomo asicheke. Asubuhi ya siku hiyohiyo Idrisa alikuwa amemfuata ofisini na ombi lilelile.