Taa Isiyowaka kwa Mtu Mmoja

Joka lilikuwa limebakiza hatua tatu. Mpini wa mkuki wa radi alikuwa nao Mzee Nsajigwa, na ncha yake alikuwa nayo Lucy. Kuviunganisha tu, basi. Neno moja lingetosha: "Lete."

Mzee alitazama dari. Lucy alitazama mlango.

"Haya, limewameza," alisema mwalimu Adela, akafunga daftari lake. "Wote wawili. Na Bibi Kisa pia, asiye na kosa."

"Mimi linimeze polepole," alisema Bibi Kisa, mke wa mzee. "Magoti yangu hayataki kukunjwa."

Adela alikuwa na wiki tatu tu tangu ahamishiwe Ikolo, wilayani Kyela, kutoka Singida, akapanga chumba kwa wazee hao. Alikuja na sanduku la nguo na mchezo alioubuni mwenyewe: yeye anasimulia safari, wachezaji wanakuwa mashujaa, na dadu ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kapigwa. Jumamosi ijayo Lameck, mwenye mtambo wa kuchapa kule Mbeya, angekuja kuutazama. Alikwisha kumwambia kwenye simu: "Mwalimu, nionyeshe watu wanaocheza pamoja. Kama kila mtu na lake, bao tunalo tayari."

Hapo ndipo penye mwiba. Mwanzoni Adela alitoa mkuki mzima kwa mtu mmoja. Mzee akaua majoka yote peke yake, wengine wakabaki kumenya ndizi. Basi akaanza kuvigawa vitu vyake vya maajabu. Kibuyu cha dawa, anayekibeba hawezi kukifungua. Joho la kujificha, halifichi mpaka wakae wawili bega kwa bega. Bibi Kisa akicheza na mzee, mambo yanakwenda. Akicheza na Lucy, yanakwenda vizuri zaidi. Mzee na Lucy wakikutanishwa, jiwe na jiwe.

Lucy alikuwa nesi wa zahanati, mwenye nyumba yake ng'ambo ya migomba. Hakai mezani. Hukaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mgongo kwa wenzake, akirusha dadu kwenye ungo na kumnong'oneza Bibi Kisa alichopata. Siku moja Adela alimwona akirudi kazini na sare yake nyeupe. Mzee akatokea mbele. Lucy akachepuka, akazama kwenye mikakao na matope yote yale, mpaka mzee akapita.

Ajabu ni kwamba jioni ile ile mzee alinunua samaki, mbasa wawili, na yule mnono akaagiza apelekewe Lucy.

Dhamiri inamsuta, aliwaza Adela.

"Bibi, hawa wamekoseana nini?"

Bibi Kisa alicheka mpaka khanga ikamlegea. "Kitendawili!"

"Tega."

"Namkimbia, wala hanifukuzi."

"Mvua?"

"Nipe mji."

"Chukua Kyela."

"Kyela ninayo, mwanangu. Siku ukinipa Mbeya nitakwambia."

Adela akaenda chumbani kubuni dawa ya ugomvi. Mpaka Ijumaa alikuwa nayo: Taa ya Wawili. Mmoja anaishika, lakini haiwaki mpaka mwenzake amwite kwa sauti, watu wote wasikie. Kunong'ona hakuhesabiki. Kupitia kwa mtu wa tatu hakuhesabiki.

Jumamosi mvua ilitwanga bati. Lameck alikaa pembeni na kikombe cha chai. Mashujaa waliingia pangoni. Bibi Kisa akameza sumu katika raundi ya pili, akalala chini ya meza kabisa, maana alipenda kufa vizuri.

"Giza," alisema Adela. "Joka linapumua. Taa anayo Mzee Nsajigwa. Mwingine aliyebaki hai ni Lucy peke yake. Asipomwita, safari imekwisha."

Mvua ikaendelea kutwanga.

Mzee alivuta kofia mpaka puani. Kule mlangoni Lucy aliukumbatia ungo kama mtoto.

"Mwalimu, hebu legeza hiyo sheria kidogo," Bibi Kisa alisema kutoka chini ya meza.

"Bibi, wewe umekufa. Sheria ni sheria." Lakini Lameck alikwisha kutazama saa.

Adela akaanza kuhesabu. "Tano. Nne. Tatu. Mbili..."

"Babu Tuntufye!"

Ilikuwa sauti nyembamba, safi, imetoka kwa mtu aliyefumba macho na kuelekeza uso ukutani. Adela alisita. Tuntufye alikuwa binti wa Lucy, wa darasa la pili, na watoto wote wa pale humwita mzee babu. Jina ni jina.

"Imewaka!" alipiga kelele. "Taa imewaka!"

Mzee alirusha dadu. Sita. Joka likaanguka, Bibi Kisa akafufuka bila ruhusa akapiga vigelegele, na Lameck akaweka kikombe chini.

"Nitauchapa," alisema. "Na hiyo taa iwe kwenye jalada."

Adela nusura aruke juu ya meza. Kwa furaha ile akamshika mzee mkono, akamvuta kuelekea mlangoni. "Basi njoo, babu, shikaneni mikono na Lucy. Ugomvi uishe leo leo!"

Mlango wa jikoni uligonga. Lucy alikwisha kutoka kwenye mvua. Mzee alikuwa amegeukia ukuta, kofia usoni, mabega yakimtikisika.

"Ugomvi gani, mwalimu?" alisema Bibi Kisa taratibu. "Huyo ni mke wa mwanetu, na kwetu mkwe wa kike humkwepa baba wa mumewe; ndiyo heshima. Ana miaka tisa tangu aolewe, na leo ndiyo mara ya kwanza baba mkwe wake kuisikia sauti yake."