Vua Kofia

Kila Jumamosi asubuhi, kinyozi Shomvi aliegemeza simu kwenye kioo ili mwanawe Zuberi, aliyepata ufadhili wa kusoma ng'ambo, awachambulie wateja vita vya huko. Kijana huyo hakuwa mtu wa kuishiwa maneno.

"Haya, Profesa," mteja aliyekuwa kitini akaanza, "wenyeji wako na jirani yao, nani anashinda?"

"Mimi sijui, mjomba. Huku shwari tu."

"He! Leo nani kakushona mdomo?"

Wateja wakacheka. Shomvi hakucheka.

"Vua kofia, mwanangu."

"Baridi, baba."

"Baridi gani ndani ya nyumba? Vua nikuone."

Zuberi aliivua polepole. Nywele alizoapa hatazikata mpaka ahitimu zilikuwa zimekwanguliwa zote, tena kwa haraka, na juu ya sikio palikuwa na kidonda kibichi.

"Nani kakunyoa hivyo?"

"Rafiki, baba."

Nyuma yake akapita kijana mwingine mwenye upara uleule. Halafu wa tatu, akifunga vifungo vya gwanda la jeshi. Kisha kiganja kikubwa kikaziba picha, na simu ikakatika.

"Mtandao huo, Shomvi," alisema mteja, kichwa chake kimenyolewa nusu. "Endelea, bwana."

Mashine ilikuwa ikinguruma mkononi mwa Shomvi. Hakuisogeza.