Kikombe cha Ami Gaber

Kufikia alasiri, katika idara nzima ya mimea ya chuo kikuu cha Asyut, Misri, hapakuwa na mtu mwenye mate.

Ilikuwa Ramadhani, na joto halikuwa na huruma. Daktari Nagwa alikuwa ameweka mate yake ya asubuhi, lakini yalibaki ya kutosha kichupa kimoja tu. Yeye alihitaji vichupa viwili, na kamati ya kukagua maabara ilikuwa imeshaanza kupanda ngazi. Ikiondoka bila kuona kitu, maabara yake ingefanywa stoo. Miaka sita ya kulea kuvu zinazoishi ndani ya majani ya harjal, dawa ya tumbo ya bibi zake, ingeishia chini ya viti vibovu.

"Ami Gaber," alimwita mzee wa chai, ambaye mwezi huo hakuwa na chai ya kupika na alikuwa akisinzia kwenye benchi. "Nitemee mate humu. Nusu kikombe."

"Nusu kikombe! Binti yangu, mimi hapa hata stempu siwezi kuilamba ikashika."

"Ami, wananifukuza mimi na kuvu zangu."

Gaber alimpenda Nagwa kuliko wakubwa wote wa pale. Ndiye pekee aliyekuwa akirudisha gilasi. Alinyakua kikombe akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Alirudi anahema, kanzu imejaa vipande vya nyasi, kikombe kimefurika mpaka povu linaning'inia.

"Mashallah! Umeyatoa wapi yote haya?"

"Nimefikiria mchuzi wa molokhia wa mke wangu," alisema Gaber, akiangalia viatu vyake.

Kamati ikaingia: wazee watatu wenye njaa na haraka ya kwenda kulala. Nagwa alitia wanga katika vichupa viwili, akadondoshea ayodini. Vyote vikawa buluu iliyoiva.

"Mate yetu yana kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na hapo hii buluu hutoweka," alieleza. "Ndiyo maana mkate ukiutafuna sana huwa mtamu. Si kila kiumbe kajaliwa hivyo. Nyati wa kufugwa atafune mkate mpaka Idi, utamu huo hatauonja."

Gaber alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Katika kichupa cha kwanza Nagwa alitia mate yake. Buluu ikafifia, ikaisha. Katika cha pili alitia kwanza maji ya kuvu nambari kumi na nne, kisha mate ya kikombe cha Gaber. Wakasubiri dakika kumi. Buluu haikutikisika.

"Kuvu imekifunga kimeng'enya!" Mwenyekiti aliruka kitini. "Mimi mwenyewe nina kisukari, binti. Hii ni dawa! Maabara haiguswi na mtu. Ila kesho urudie mbele ya mkuu wa chuo, na mate yawe ya mzee huyu huyu. Mate yake mazuri sana."

Nagwa alilia kwa furaha, akamwombea Ami Gaber maisha marefu. Gaber aliitikia amina kwa sauti ndogo, akatoka tena kwa mlango wa nyuma, akavuka ua mpaka kwenye zizi la kitivo cha kilimo. Alimwekea nyati jike aliyefungwa humo fungu zima la majani mabichi, akampangusa povu kidevuni.

"Kula, mama," alisema. "Kesho wanataka kikombe kizima."