Hatua ya Sita

Nalong alitumbukiza kibanzi cha mti kwenye kikombe cha maji, akasubiri. Maji yakageuka rangi ya chai.

"Hatua ya tano," alisema. "Kinatoa rangi. Ndiyo."

Ofisa wa misitu, mgeni kutoka kisiwa kingine, akatia alama kwenye karatasi yake. Ilibaki hatua moja.

Mizizi ya mti ilimzunguka Nalong kama kuta, kulia na kushoto, mirefu kuliko kichwa chake. Upande uliobaki wazi walijazana watu: wakwe zake, majirani, na vijana wa kampuni ya mbao waliopakata misumeno yao.

Kampuni ilisema mti huu ni taun, ruhusa kuukata. Nalong peke yake ndiye aliyeandika barua mjini kwamba ni kwila, na penye kwila katika mlima huu sheria hairuhusu msumeno kupanda. Chini palikuwa na chemchemi waliyokunywa wanawe. Mlima ukinyolewa, chemchemi nayo imekwenda.

Basi alikuwa amejibu, hatua kwa hatua. Utomvu mweupe? Hakuna. Vijani vingapi kwenye kikonyo? Vinne, viwili viwili. Kingo zina meno? Hazina. Gome linabanduka? Linabanduka.

"Shemeji, maliza tukale," mmoja alipaza sauti. Watu wakacheka.

"Mwacheni mkwe wangu afanye kazi," alisema baba mkwe wake. Nalong alimwita Babu Tamo, kwa jina la mwanawe mkubwa, maana mke wa hapa halitii jina la mkwewe kinywani. Mwaka jana Mebo, jirani yake, la mkwewe lilimponyoka, tena akijibu kitendawili tu. Jioni alivushwa mto kurudishwa kwao. Watoto walibaki.

Babu Tamo ndiye aliyempandisha mlimani, akimbebea maji. Ndiye pia aliyemwomba ofisa, asubuhi ile ile, kwamba jina la mti lisiandikwe, bali mlalamikaji alitamke mwenyewe kwa sauti, ili na wao wasiojua kusoma wasikie. Ofisa aliona ni haki.

"Hatua ya sita," ofisa alisema. "Jina."

Nalong alifungua kinywa. Akakifunga tena.

"Unalijua au hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gome. Akawatazama watu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemsaidia hata kwa kukohoa. Tamo alikuwa amebebwa na shangazi yake, akimnyooshea mama mikono.

"Sema, mwanangu," mzee alimwambia kwa upole. "Unaogopa nini?"

Nalong akafumba macho, akafumba na kinywa.

Ofisa alingoja mpaka subira ikamwisha. Akaandika kwamba mlalamikaji ameshindwa kuutambua mti. Vijana wakasimama, wakajaza misumeno mafuta.

"Nahitaji shahidi mmoja," ofisa alisema. "Wewe, mzee. Weka dole gumba hapa. Niandike jina lako nani?"

Mzee alichovya dole kwenye wino, akamtazama mkwe wake.

"Kwila," alisema.